Mipira Iliyokwenda Kona ya Kushoto

Mpira wa kikapu hupotea kwa njia nyingi, na kwa miaka sita mimi ndiye nimekuwa nikiziandika. Mchezaji anatembea nao bila kuudunda, refa anapiga filimbi. Ananyang'anywa. Anaukumbatia mpaka muda unamwishia. Au anatoa pasi, mpira unakwenda mahali ambapo hakuna mtu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho msimu mzima, na mpaka leo sijui niiweke kwenye fungu gani.

Mimi ni mkufunzi wa hisabati katika chuo kimoja hapa Tunduma. Kuhesabu mipira si kazi niliyoajiriwa kufanya. Kocha wa wasichana alinikuta alasiri moja nimekaa kando ya uwanja nasahihisha majaribio, akaniomba nimhesabie nani anapoteza mpira mara nyingi, kwa sababu kila aliyemuuliza alimtaja mwenzake. Nikamwambia kuhesabu ni kazi yangu, kusingiziana ni kazi yao. Kesho yake nikakuta meza imewekwa nje ya uwanja, usawa wa mstari wa katikati, na kiti juu yake. Kocha ni mtu wa Tanga, maneno yake mengi kuliko mabao ya timu yake, na tangu siku hiyo ananiita Mtu wa Milimani, kwa kuwa nimezaliwa Ikinga, huko Ileje.

Fomu niliichora mwenyewe. Kila namba ya jezi ilikuwa na mstari wake, na kila mpira uliopotea kwa pasi niliuandika mara mbili: upande mmoja aliyeutoa, upande wa pili aliyekuwa akipewa. Wengine huandika aliyeutoa tu. Mimi niliona huo ni uonevu, maana pasi ina watu wawili. Aliyekuwa akipewa nilimjua kwa kufuata macho ya mtoaji. Nilikuwa naandika bila kutazama karatasi, kama mama yangu alivyokuwa akipukuchua mahindi huku macho yake yako mlangoni. Kidole cha mkono wa kushoto kinashuka kwenye namba, wa kulia unapiga alama. Nilijivunia sana ufundi huo. Nilitoa nakala za fomu za kutosha misimu mitatu nikazifungia kabatini.

Namba tisa alikuwa binti wa Ivuna, kwa watu wa chumvi. Hakuwa na mbio. Kazi yake ilikuwa kusimama kona ya kushoto, visigino karibu vikanyage mstari, mikono miwili wazi mbele ya tumbo, vidole vimeachana. Hakupunga mkono wala hakuita. Namba nne, aliyekuwa akiongoza mchezo, alimtumia mpira bila hata kugeuza shingo, na tisa aliudaka na kuurusha kikapuni. Walilala chumba kimoja. Kila muhula tisa alirudi na mfuko wa chumvi ya kwao, na baada ya mazoezi timu nzima ilikaa chini kuchovya maembe mabichi. Katika fomu zangu za wakati ule, kati ya watu hao wawili karibu hakuna mpira uliopotea.

Alifariki likizoni, wakati wa masika. Homa ya siku chache. Njia ya kwenda Ivuna ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Tulizika kwa simu, kila mtu kwao, tukisikia vilio kwa mbali na mtandao ukikatika.

Chuo kilipofunguliwa, mimi ndiye niliyetoa wazo la jezi. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni kwamba vyuo vya ng'ambo, mchezaji akiheshimiwa sana, jezi yake inatundikwa juu darini na hakuna anayeivaa tena. Sisi dari hatuna. Tuliitundika kwenye msumari ndani ya stoo ya michezo, tisa ikitazama mlango. Mchungaji alisali, Kocha akasoma dua, wasichana wakalia. Namba nne peke yake hakulia. Alisimama akitazama ule msumari mpaka tukafunga mlango. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Halafu mechi zikaanza.

Uwanja wetu uko kando ya barabara kuu, na upande wa kushoto, nje ya seng'enge, ndipo malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mechi ya kwanza, robo ya pili, namba nne aliukokota mpira mpaka katikati, akatazama mbele, macho yakapepesa pembeni, na bila kugeuza shingo akautuma kona ya kushoto. Mpira ukapita mahali patupu, ukagonga seng'enge, ukadondoka. Wenzake wakacheka. Ukaenda wa pili, wachache wakacheka. Ukaenda wa tatu, hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeharakisha kwenda kuuokota.

Nikaanza kuchunguza. Hakuna mchezaji aliyekuwa anasimama kona ile. Kocha hakuwa amewakataza, nilimuuliza. Walikuwa wakikimbia kuelekea huko, halafu wanaikwepa, kama mtu anavyokwepa sakafu iliyopigwa deki. Katika mechi ya tatu niliona jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Namba nne aliinua mpira, na beki wa timu pinzani, msichana wa chuo kingine ambaye hakumjua marehemu hata kwa picha, akakimbia mbio kwenda kuziba kona ya kushoto. Akafika, akanyoosha mikono kumzuia mtu. Kisha akageuka huku na huku, akarudi katikati taratibu akijifuta viganja kwenye kaptula. Nilijiambia ameyafuata macho ya namba nne tu, kama ninavyoyafuata mimi. Hayo ndiyo maelezo, na bado nayashikilia.

Yalipokaribia mashindano ya vyuo ya kanda kule Mbeya, Kocha alinitaka nichambue fomu zote.

"Mwalimu, nipe karatasi moja tu," alisema. "Uniambie mpira unavujia wapi."

Karatasi moja. Nikajumlisha upande wa kwanza peke yake, wa waliotoa mpira, kwa kuwa ndio uliotosha kwenye ukurasa. Jibu lilijitokeza lenyewe. Namba nne alikuwa amewaacha wenzake mbali. Nikaandika kwamba namba nne ndiye chanzo, nikapiga mstari chini ya neno chanzo. Kocha akamtoa kwenye orodha ya safari. Binti yule alikuwa mwaka wa mwisho. Akiikosa Mbeya, mpira wa chuo ungekuwa umemwishia hapo.

Alikuja ofisini kwangu Jumatano, saa nane mchana.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umekuja kunililia?"

"Hapana, Madam. Nimesikia nimepigwa chini kwa sababu ya karatasi yako."

"Karatasi haina chuki na mtu. Umepoteza mipira mingi kuliko wenzako wote."

"Sijapoteza," akasema. "Nimempa."

"Umempa nani?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, wala si kwa jeuri. Jeuri ningeijua, nafundisha mwaka wa ishirini na moja huu.

"Si unamwandika mwenyewe, Madam?"

Nikamfukuza. Sioni aibu kusema, ndivyo nilivyo. Nikiguswa mahali ambapo sielewi, huwa nakuwa mkali. Nilimwambia akafue nguo zake, akasome, aache kumtafuta mchawi. Alipotoka nilivuta lile bunda la fomu, nikatazama upande wa pili ambao sikuwa nimeujumlisha.

Mstari wa namba tisa ulikuwa na alama.

Fomu zilikuwa zile zile za zamani, tisa bado imo. Kwenye fomu ya mechi ya kwanza niliikata kwa rula na kalamu nyekundu, nakumbuka nilivyoikata. Alama zilikuwa zimepigwa juu ya ule wekundu. Fomu ya pili, alama. Ya tatu, alama, zimejipanga hadi ukingoni. Wino ulikuwa wangu, na mkwaju ule unaoinamia kushoto ni wangu, hakuna mwingine chuoni anayeandika hivyo. Sikukumbuka kupiga hata moja. Nje jua lilikuwa linawaka, kwaya inafanya mazoezi, dereva fulani anapiga honi kana kwamba foleni ingemsikia, na mimi nywele zilinisimama mpaka nikaona niondoke kwenye kile kiti. Niliogopa. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe, nikaupakata mapajani kama kitu cha mtu.

Maelezo niliyapata kabla ya jioni. Mkono una mazoea. Macho ya namba nne yakienda kona ya kushoto, kidole changu kinashuka penye tisa, kwa sababu misimu miwili kilishuka hapo. Ni maelezo mazuri, ningempa alama zote mwanafunzi atakayeyaandika. Ubaya wake ni kwamba hayakunituliza.

Kesho yake nilimpelekea Kocha zile fomu. Alizipitia moja moja, ndevu mkononi.

"Mwalimu, umemwandika marehemu?"

"Nimeandika aliyekuwa akipewa mpira."

"Astaghfirullah. Mtu wa Milimani, mimi nilikuomba takwimu, sikukuomba mizimu." Akanirudishia. "Majina yanakwenda kesho asubuhi. Mtu anayempa mpira asiyekuwepo siendi naye Mbeya, hata akiwa na sababu nzuri."

Alikuwa sahihi kwa hesabu yake, na hesabu nilikuwa nimempa mimi.

Mchana ule ule mama wa marehemu aliingia chuoni. Alikuwa amepata lifti kwenye gari la chumvi kutoka Ivuna, amekuja kuchukua tranka la mwanawe. Sikuwa nimewahi kumwona. Ni mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, viganja vimepasuka kwa kazi ya chumvi. Nilimpa pole, kisha nikasema nimwoneshe jinsi tulivyomheshimu binti yake. Nilimfungulia stoo. Tisa ikamtazama.

Aliishika jezi kwenye pindo.

"Anaivaa nani sasa?"

"Hakuna, mama. Hakuna atakayeivaa tena."

"Na pale alipokuwa anasimama wakicheza, anasimama nani?"

"Hakuna."

"Tangu masika?"

"Tangu masika."

Aliiachia ile jezi. Nilidhani atalia, lakini alionekana kama mtu aliyekuta mtoto wake amesahauliwa shuleni.

"Mwalimu, mmemwacha amesimama," akasema. "Na huyu mtoto miguu ilikuwa inamuuma. Tangu mdogo. Miezi yote hii mmemwacha amesimama tu?"

Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda polepole, Kinamwanga cha kwao kikikivuta shati kwa nyuma, lakini alinieleza nikaelewa. Kwao mtu akifa, nafasi yake haiachwi wazi. Ndugu wanakaa, mmoja anapewa jina lake, anaitwa kwa jina hilo, anaitika, na aliyekufa anapumzika. Nyumbani walishafanya hivyo, mtoto wa baba yake mkubwa ndiye aliyepewa. Upande wa chuo aliamini sisi wenyewe tutajua la kufanya. Watu wasomi, alisema. Hakuwa ananisema vibaya, na ndiyo maana iliniuma. Kwetu Ikinga nilikuwa nayasikia mambo hayo ya watu wa Momba, wilaya iliyo na Ivuna, na majirani zao wa ng'ambo ya mpaka, nayapuuza. Kumbe nilikwenda kuchota heshima ya kwenye televisheni nikamzuia mtoto wa mtu asikae chini.

Saa kumi timu ilikuwa mazoezini. Namba nne alikuwa benchi, amevaa nguo za nyumbani, magoti yamekutana. Mama alisimama kwenye mstari, Kocha akaja kumpa mkono, wasichana wakasogea wakamwamkia mmoja mmoja. Akawauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kati yenu ni nani hakuacha kumhesabu?"

Wakatazamana. Namba nne akanyoosha kidole, taratibu, kwenye meza yangu.

"Madam. Anamwandika kila mechi."

Mama akanigeukia. "Basi ni wewe."

"Mama, nina magoti mabovu," nikasema. "Mpira sijui. Na kwa umri nimekuzidi, ningekuwa dada yako."

"Sikuombi ucheze. Nakuomba umkalie mahali pake."

Nilimtafuta Kocha kwa macho aniokoe kwa mzaha wowote ule. Siku zote hana uhaba wa mizaha. Alikuwa ametazama chini.

Mama aliiendea jezi mwenyewe, akaitungua, akaniwekea mabegani juu ya gauni langu la kitenge, maana kuivaa isingenipita. Akanishika mkono, tukauvuka uwanja. Niliwahi kupita kona ile mara mia, lakini siku hiyo ilikuwa na baridi yake, ya peke yake, na kelele za malori zilisikika kama zimehamishiwa mbali. Saruji pale ilikuwa imesuguka pembeni ya mstari, sehemu mbili ndogo. Nikaweka visigino hapo. Mama akafungua fundo kwenye ncha ya khanga, akanipa chumvi kidogo, nikailamba. Sijui kama hiyo nayo ni desturi au ilikuwa ni huruma tu ya mtu aliyeona natetemeka.

Kisha akaniita kwa jina la mwanawe.

Wazazi wangu wote wawili wamelala Ikinga. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu aniite kwa sauti ya namna ile, ya mama anayemwita binti yake atoke jikoni. Niliona wasichana wote wamesimama, mpira umetulia chini.

"Abee," nikaitika.

Namba nne akainuka benchi. Akauokota mpira, akaukokota na ndala zake mpaka katikati, akatazama mbele, na bila kugeuza shingo akautuma.

Sijawahi kudaka mpira maishani mwangu. Shuleni walikuwa wakinipa kushika sweta za wenzangu. Ule ulikuja na nguvu, ukanipiga viganja vikawaka moto, ukabaki mikononi. Haukugonga seng'enge. Nilipoinua macho, namba nne alikuwa amekaa chini palepale katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, analia kwa sauti, kilio ambacho tulikuwa tunakidai tangu siku ya msumari. Mama akaenda kukaa naye. Kocha alitembea mpaka kwenye nguzo ya kikapu na kurudi, akajipangusa uso, akatoa orodha mfukoni akaandika jina kwa kalamu yangu.

"Kama akiupoteza Mbeya," aliniambia, "mimi na wewe, Mtu wa Milimani, hatujuani."

Mbeya nilikwenda na fomu mpya. Nilizichora upya zote, bila mstari wa tisa. Nilikaa kwenye meza ya pembeni, na namba nne alicheza vizuri kiasi kwamba mstari wake ulikuwa na alama chache, zile za kawaida, za mtu aliyenyang'anywa kwa haki. Robo ya nne, muda umebaki mdogo, alikuja na mpira katikati. Kona ya kushoto ilikuwa tupu. Nikaona macho yake yameanza kwenda huko, na niliyajua macho yale.

Aliitazama kona. Kisha akageuza shingo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanitazama mimi pale mezani. Ilikuwa muda wa kumeza mate tu. Halafu akautoa mpira kwa namba saba aliyekuwa chini ya kikapu, naye saba akafunga.

Nilitaka kuandika pasi ile, nikaikosa kalamu. Ilikuwa sakafuni. Mikono yangu miwili ilikuwa wazi mbele ya tumbo, vidole vimeachana, na sikujua imekaa hivyo tangu saa ngapi. Fomu ya robo nzima ilikuwa nyeupe.

Mechi hatukushinda, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. Jioni tukiwa tunapanda gari simu yangu ililia, namba ya Ivuna. Nilipokea, mama akaniita kwa lile jina, nikaitika, wasichana wakanyamaza kunipisha.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mama."

"Na miguu? Inauma bado?"

Tangu alasiri ile ya chumvi miguu ilikuwa inaniuma, vifundo na nyayo, hata nikiwa nimelala. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikamwambia nimekaa, mama, inapumzika.